Kola ya Ukurasa wa Sabini na Tatu

Kosa lenyewe lilifanyika Jumatano saa tatu asubuhi, kweupe kabisa, na lilifanywa na mtu mwenye akili timamu aliyekuwa akipiga mluzi. Fundi alikuwa na sare kumi na mbili za wauguzi wa zahanati, na kama mafundi wa kizazi chake, hakupenda kugusa kitambaa kabla hajakata karatasi ya kipimo. Ukiharibu karatasi hujaharibu kitu. Ukiharibu kitambaa umeharibu na jina.

Karatasi hazikuwa shida katika nyumba ile. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha Kiingereza sekondari, alikuwa katika mwaka wa sita wa kusomea shahada ya uzamili ya fasihi ya Kiingereza na Kimarekani, na mtu wa uzamili hata asipozalisha kingine, karatasi atazalisha. Kila rasimu ya tasnifu iliyokwisha kazi iliingia kwenye kapu chini ya meza ya kukatia, pale sebuleni. Fundi alizibandika kurasa kwa gundi ya unga iliyokorogwa na mama yake, akapata karatasi pana ya kuchora mkono wa shati au mgongo wa gauni. Wako wanawake mtaani hadi leo wanaovaa magauni yaliyopimwa kwa sura ya pili ya tasnifu, na hawana habari.

Siku hiyo kapu lilikuwa tupu. Juu ya kiti, hata hivyo, palikuwa na kitita kinene ambacho Mwalimu alikiacha alipokuwa akikimbilia kazini. Hakikuwa kapuni, hakikuwa kwenye rafu ya karatasi zilizo hai. Fundi akainua ukurasa wa kwanza. Ulijaa penseli kutoka pembe hadi pembe: mistari, mishale, duara, misalaba. Miaka thelathini ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba kitu kikishachorwa namna ile, kinachofuata ni mkasi. Hakuna mtu anayepiga chaki kitambaa anachotaka kukihifadhi.

"Mama, gundi ipo?" akauliza.

"Ipo ya jana, haijavunda." Mama yake, ambaye nyumbani wote walimwita Bibi, akaja na sufuria na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Kusoma hakujua, lakini hasira aliijua akiiona. "Mh! Aliyechora hivi alikuwa na ugomvi na mtoto wa watu."

"Ndiyo maana zimetupwa."

Kufikia adhuhuri kurasa zote themanini zilikuwa zimekuwa gauni la muuguzi la saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa: mbele, nyuma, mikono, mifuko na kola. Kwa kuwa sare zilitakiwa Jumatatu, Fundi alipeleka karatasi za mikono na za kola kwa fundi mwenzake wa mtaa wa pili, mjane mmoja aliyeitwa Mama Vifungo, wagawane kazi. Akarudi nyumbani akila karanga, moyo mweupe.

Mwalimu alirudi saa tisa na mkoba wa madaftari ya kusahihisha. Akaangalia kiti. Akaangalia chini ya kiti.

"Fundi, kile kitita cha karatasi kiko wapi?"

"Kipi?"

"Chenye penseli."

Uso wa Fundi ukang'aa. "Ah! Zile zilikuwa ngumu, nzuri mno. Zimekaa vizuri sana mabegani."

Mwalimu hakukaa, aliangukia kiti. Binti yao wa miaka kumi na minne, aliyeitwa Kasuku kwa sababu hakuna neno lililopita bila yeye kulirudia, akakimbilia maji. Bibi akaacha kukunja vitambaa.

"Nani amekufa?" akauliza Bibi.

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Maana wewe nishakuona ukilia kwa sababu ya watu wa kwenye kitabu. Bora niulize mapema."

Mwalimu akanywa maji, kisha akaeleza polepole, kama anayeeleza wanafunzi wa nyuma ya darasa. Profesa wake, msimamizi wa tasnifu, alikuwa na utaratibu mmoja asioubadilisha. Akisahihisha, anasahihisha kwa penseli. Mwanafunzi akirudi na nakala mpya, lazima arudi na ile ya penseli pia. Profesa anaweka ya zamani kushoto, mpya kulia, na kwa kila alama aliyochora anatafuta jibu lake. Bila ya zamani hasomi, na asiposoma hatii sahihi. Kuna kijana alipoteza yake akaambiwa aonane naye mwaka ujao.

"Basi na wewe muonane mwaka ujao," akasema Bibi. "Kwani kinaoza?"

"Mimi sina mwaka ujao, mama. Miaka sita ndiyo mwisho. Ijumaa saa kumi jioni, kama sina sahihi, jina langu linafutwa. Kila kitu kinafutwa."

"Lakini kazi si iko kwenye kompyuta?" akauliza Kasuku.

"Iko, nimeshairekebisha, nimeshaichapa upya. Kazi ninayo. Nilichopoteza ni makosa yangu, na hayo ndiyo anayoyataka."

Fundi alikuwa amesimama na futi shingoni. "Nilidhani zimekwisha kazi," akasema. "Zilikuwa na alama."

"Alama!" Mwalimu akanyanyuka. "Miaka sita karatasi zangu zinapita mikononi mwako. Hata siku moja hujaona neno. Wewe unaona mabega!"

Fundi aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa kile cha kwenye lebo za nguo. Alivua futi, akaizungusha kidoleni mpaka ikawa donge, akaiweka mezani. Neno lile lilimuuma. Mwalimu naye lilimuuma palepale, maana alimpenda mume wake na alijua ni nani aliyeosha vyombo miaka yote hiyo ili yeye asome. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na waliobaki sebuleni walijifanya hawakulisikia.

Alhamisi asubuhi Fundi hakupiga mluzi. Alivaa shati safi akamchukua Kasuku, aliyeruhusiwa kukosa shule siku hiyo, wakaenda kwa Mama Vifungo. Walimkuta na chaki mkononi, karatasi ya mkono wa saizi ya kati imetandazwa juu ya kitambaa.

"Shikamoo," akasema Kasuku. "Tumefuata tasnifu ya mama."

"Marahaba. Mmefuata nini?"

Fundi akaeleza. Mama Vifungo alisikiliza bila kuinua macho, akaendelea kuchora.

"Mikono mtaipata nikimaliza. Siachi mkono katikati, utakuja kuwa mfupi. Hiyo ta-nini inahusu nini hata watu wasilale?"

"Inahusu wanawake wanaoshona kwenye riwaya," akasema Fundi. "Za Waingereza na za Wamarekani, za zamani."

"Wanashona nini?"

"Chochote. Nguo si hoja. Hoja ni wakati gani mwanamke anashika sindano, nani yuko chumbani, na watu wanasema nini yeye akishona. Mwanamke wa kitabuni hachukui sindano hivihivi tu."

Kasuku akamtazama baba yake. Hakujua kwamba anayajua hayo. Lakini Mwalimu kwa miaka sita alikuwa akikaa kando ya meza ya kukatia, akijisemea hoja zake kwa Kiswahili kabla ya kuziandika kwa Kiingereza, na anayekata kitambaa ameshughulika mikono tu, masikio yako huru.

"Kwa hiyo," akasema Mama Vifungo, "chuo kizima kimekaa kuangalia watu wa kubuni wanavyoshona. Na mimi wa kweli niko hapa, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniangalia."

"Mimi nakuangalia," akasema Kasuku.

"Wewe unaangalia karanga zangu. Chukua." Akamaliza kuchora, akawapa mikono sita. Kisha akawapa kola mbili.

"Ya tatu?" akauliza Fundi. "Ile ndogo?"

Mama Vifungo akaikuna shingo. "Ndogo nilishaikata jana. Karatasi nikawashia pasi."

"Umechoma ukurasa wa mama!" Kasuku akapiga kelele.

"Mimi nimechoma karatasi. Kama ilikuwa na ukurasa, ningeambiwa."

Nyumbani Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa kazini na macho yamemvimba. Alitaka kuzibandua kurasa kwa maji. Fundi akamzuia, kwa sauti ndogo ya mtu ambaye bado hajajua kama ameruhusiwa kusema.

"Maji yatalainisha karatasi, na penseli itapotea nayo. Tuziache zilivyo. Mimi nilibandika ukurasa kando ya ukurasa kwa mfuatano, kama zilivyokuwa. Nikipata vipande vya pembeni naweza kuvirudisha kila kimoja mahali pake. Nguo ikishakatwa, mimi ndiye ninayejua ilivyokuwa kabla."

"Vipande vya pembeni si vilifagiliwa?"

"Vilifagiliwa na nani?" akauliza Bibi kwa kiburi. "Katika nyumba hii karatasi haitupwi mpaka mimi niseme." Akaburuta gunia la takataka za kuwashia moto, akalimwaga mkekani.

Wakafanya kazi mchana kutwa. Kasuku alisoma namba za kurasa kwa sauti. Bibi, aliyekuwa hajui herufi, ndiye aliyepata vipande vingi kuliko wote, maana alifuata mkia wa mshale wa penseli hapa mpaka kichwa chake kule. "Huyu Profesa wenu ana mkono mrefu," akasema. "Akianza kukasirika hapa anamalizia ng'ambo." Mwalimu alicheka bila kutaka, na kicheko kilipomtoka akamtazama mumewe, naye akawa ameinama anabana pini. Ilipofika saa kumi na mbili, kurasa themanini zilikuwa zimelala sakafuni katika karatasi saba pana zenye umbo la gauni na pembe zake zote. Palibaki tundu moja tu, la kola: ukurasa wa sabini na tatu wote.

"Hapo paliandikwa nini?" akauliza Kasuku.

"Sikumbuki vizuri," akasema Mwalimu. Hapo alidanganya. Ukurasa ule aliukumbuka kuliko kurasa zote, na ndani ya moyo wake hakusikitika sana kwamba uliungua.

Ijumaa alitaka kwenda peke yake. Fundi tayari alikuwa mlangoni na ule mzigo umeviringishwa begani, na kasha la pini mfukoni.

"Utaupanga wewe?" akauliza. "Unajua mbele na nyuma?"

Mwalimu hakujua. Wakaenda wote wawili.

Karani wa idara, mwanamke kijana mwenye kucha ndefu, aliwaona wakipanda ngazi na lile furushi, akawawahi kabla hawajafika. "Mafundi wa mapazia mnapita mlango wa nyuma."

"Sisi si wa mapazia," akasema Mwalimu. "Nimekuja kumwona Profesa."

"Ah, samahani mama. Wewe ni mzazi wa nani?"

"Mimi ni mwanafunzi."

Karani akamtazama kuanzia viatu. "Wa masomo ya jioni?"

"Wa uzamili. Mwaka wa sita."

"Ahaa!" Karani akafungua daftari lake, akashuka na ukucha hadi mstari wa chini kabisa. "Wewe ndiye uliyebaki." Alisema kwa sauti ambayo vijana watatu waliokuwa kwenye benchi walisikia, wakatazama simu zao kwa bidii. Mwalimu, ambaye darasani kwake akikohoa tu watoto sitini wananyamaza, alisimama pale ameshika mkoba kwa mikono miwili. Fundi alijiweka mbele yake kidogo, kana kwamba anarekebisha mzigo.

Profesa alikuwa mzee mfupi mwenye magoti mabovu na chumba chenye meza ndefu kuliko chumba. Akapokea shikamoo zao, akanyoosha mkono wa kushoto kupokea nakala ya zamani, kama kawaida yake. Mwalimu akaanza kueleza, akajikwaa, akaanza tena. Profesa akavua miwani.

"Mmekata nakala yangu?"

"Nimekata mimi," akasema Fundi. "Yeye alikuwa kazini."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa na alama, Profesa. Kwetu kitu kikishapigwa alama, kinangoja mkasi."

Profesa akaifuta miwani kwa ncha ya tai. "Nasimamia wanafunzi mwaka wa thelathini na moja huu," akasema hatimaye. "Nakala imeliwa na panya, nimeambiwa. Imenyeshewa. Imesahauliwa kwenye basi. Lakini kuwa gauni, hapana."

"Gauni la muuguzi," Fundi akasahihisha. "La saizi tatu."

Pembe ya mdomo wa Profesa ikatikisika. "Ipange hapo. Nitaisoma ilivyo. Wewe mwanafunzi, nenda kwa karani ukajaze fomu. Kama mambo yataharibika, yaharibike fomu zikiwa tayari."

Fundi akaviringua karatasi, akaanza kubana vipande kwa pini, akizunguka meza kimyakimya. Profesa alimfuata nyuma, ya zamani kushoto, mpya kulia, akipiga tiki ndogondogo. Simu yake ilipolia mara ya kwanza, Mwalimu alikuwa bado mlangoni. Profesa aliangalia jina, akangoja mlango ufungwe ndipo akapokea.

"Ndiyo, mke wangu. Nimetembea, ndiyo, kutoka nyumbani hadi hapa, kwa miguu yangu. Dereva? Dereva gani? Sukari? Hata chembe." Huku anakoroga chai, na kijiko cha tatu cha sukari kilikuwa hakijayeyuka. Simu ya pili ilikuwa ya mkuu wa idara. "Ile ripoti? Imekwisha, imebaki kuchapwa tu," akasema, akaisogeza kwa kiwiko bahasha ya ripoti ambayo gundi yake ilikuwa haijafunguliwa. Fundi alikuwa ameinama upande wa pili wa meza, anabana mfuko wa kulia.

Mwalimu aliporudi, Profesa alikuwa amefika penye tundu.

"Na hapa?"

"Hiyo ni kola, Profesa," akasema Fundi. "Iliungua."

Profesa akafungua nakala mpya. "Sabini na tatu. Sikumbuki niliandika nini. Lakini naona sura inaruka, imetoka hapa imeangukia kule. Palikuwa na kitu." Akamgeukia Mwalimu. "Niliandika nini?"

Mwalimu angeweza kusema chochote. Angesema koma. Angesema tarehe imekosewa, na saa hiyohiyo angepata sahihi akaenda zake. Fundi alikuwa ametoa pini mdomoni.

"Mwalimu," akasema, "kwani ile ya watu kusema mbele ya sindano iko wapi?"

"Niliiondoa," akajibu Mwalimu kwa sauti ya chini.

"Ile? Ile ndiyo ilikuwa tamu kuliko zote."

"Ipi hiyo?" akauliza Profesa.

Mwalimu akavuta pumzi. "Niliandika kwamba mwanamke wa riwaya hashiki sindano kwa sababu amefungiwa nyumbani tu, kama vitabu vyote vinavyosema. Anaishika ili asikie. Mwenye sindano ana ruhusa ya kutoinua macho, na asiyeinua macho watu humsahau. Wanasema mbele yake mambo ambayo wasingesema mbele ya mwingine yeyote. Ndiyo maana mwishoni yeye ndiye anayejua kila kitu." Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua. "Wewe ukaandika pembeni: nani amesema hivi, ushahidi uko wapi? Ukapiga mistari miwili. Nikatafuta maktaba miezi minne. Hakuna mwandishi hata mmoja aliyesema. Nikaiondoa."

"Wewe uliisikia wapi?"

"Nyumbani," akasema Mwalimu, akamtazama mumewe.

Fundi aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Sasa Mwalimu," akasema, kwa mshangao wa kweli, "miezi minne mtu ananitafuta, hukuniambia?"

Mwalimu alihisi uso unamwaka. Jumatano alimwambia mumewe kwamba haoni maneno, kumbe maneno bora ya tasnifu nzima yalikuwa ya mumewe, naye ndiye aliyeyatupa kwa sababu hakuyakuta kwenye rafu.

"Bwana Fundi," akasema Profesa, si kwa ubaya, "kusema ni rahisi. Ushahidi ni kitu kingine."

Fundi akakisugua kidevu. "Profesa, niwie radhi. Tangu nianze kubana pini hapa umepokea simu mbili. Ya kwanza ulimngoja Mwalimu atoke. Mimi hukuningoja nitoke."

Mkono wa Profesa ukaenda kwenye kikombe, ukakifunika. "Ulisikia?"

"Mimi nilikuwa na pini. Na fundi hasemi alichosikia. Akisema, nani atamletea nguo?"

Profesa akatazama kikombe. Akatazama bahasha chini ya kiwiko. Akamtazama yule mtu aliyekuwa chumbani mwake saa nzima, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika magoti yake mabovu, na karani akachungulia mlangoni kuona kama kuna usalama.

"Irudishe," alimwambia Mwalimu akifuta macho. "Sehemu yote, neno kwa neno. Na uweke tanbihi. Chanzo kitajwe: jina kamili, kazi, tarehe ya mazungumzo. Saa hizi ni saa nane na nusu. Niletee kurasa hizo kabla ya saa kumi nitie sahihi. Na wewe Bwana Fundi," akasogeza kikombe mbali naye kidogo, "ahsante kwa kutosema."

Sehemu iliyoondolewa ilikuwemo bado kwenye flashi ya Mwalimu. Karani, ambaye sasa alikuwa na hamu kubwa ya kujua ni nini kilichomchekesha Profesa kiasi kile, alimwachia kiti na kompyuta yake. Mwalimu alirudisha kurasa, akapanga namba upya, akafika kwenye tanbihi. Fundi alisimama nyuma yake na furushi lake.

"Niliyosema Jumatano," akaanza Mwalimu bila kugeuka.

"Jumatano ya lini? Mimi nilidhani ya mwaka jana." Akamgusa bega. "Andika, saa inakwenda."

"Wanataka tarehe ya mazungumzo. Niweke ipi? Tumezungumza miaka sita."

"Weka ya leo. Leo ndiyo umenisikia."

Akaandika. Mashine ikachapa, kurasa zikatoka zikiwa za moto. Karani akazipanga mwenyewe, akabana pini, akamkabidhi. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na tano.

"Nisomee," akasema Fundi.

"Ni Kiingereza. Hutaelewa."

"Soma tu."

Mwalimu akasoma ile tanbihi, taratibu, kwa sauti yake ya darasani. Fundi aliinamisha kichwa kama anavyosikiliza cherehani yenye kasoro. Maneno yalipita moja baada ya jingine, yote wageni, hakuna hata moja lililomwamkia. Halafu katikati yao akasikia jina lake. Akasikia la baba yake, na la babu yake, yote matatu, yametamkwa wazi bila kukatwa, na wale wageni wameyazunguka pande zote.

"Rudia," akasema.

Akarudia. Karani alikuwa ameacha kupiga mihuri.

"Mama," akasema karani kwa upole, na safari hii hakukosea heshima yake, "Profesa anangoja. Mtachelewa."

"Najua," akasema Mwalimu, akaushika ukurasa vizuri kwa mikono miwili, akamsomea tena.